Fomu ya Bibi Kwandu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka uso unaniwaka moto hata leo na mvi zangu hizi. Siku hiyo nilimfuta mtu kwa neno moja. Sikumtukana wala sikumsingizia. Niliandika tu neno moja kwenye fomu ya serikali, kwa mwandiko mzuri sana, nikapiga mstari chini yake kwa rula, nikaona nimemaliza kazi.

Nakuambia haya kwa sababu ya mazungumzo yetu ya juzi. Ulikuja hapa kwangu Nyakato na mkoba wako, ukanieleza kwamba ofisini kwenu mmetakiwa kukusanya majina ya watu wa kupendekezwa kupewa nishani ya taifa, wale waliotumikia nchi kwa namna ya kupigiwa mfano. Nikafurahi, maana ni kazi ya heshima. Halafu ukasema, tena huku unachezea simu, "Shangazi, wazee wengine ukiwauliza walichofanya hawana la kusema. Hao nitawatoa kwenye orodha." Nilinyamaza kwa sababu chai ilikuwa mezani, na mimi simgombezi mtu anayekula kwangu. Leo sinyamazi. Kaa unisikilize mpaka mwisho, na hiyo simu iweke mbali.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimetoka chuo cha uhazili, nimeajiriwa katika ofisi moja ya serikali pale mjini Mwanza. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi cherehani, na babu yangu vilevile, na mimi nilikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kukalia kiti cha ofisi. Basi nikajiona nimefika. Napiga taipu bila kutazama vidole, nazungumza kwa kubana pua kidogo, na mwandiko wangu wa mkono watu walikuwa wanatoka vyumba vingine kuja kuutazama. Usinicheke. Nawe ulivyopata ajira tulikuona ulivyokuwa unatembea.

Mkuu wangu alikuwa Mzee Kaijage, karani mkuu, Mhaya wa kutoka Bukoba, Mlutheri wa kwenda kanisani kila Jumapili. Mezani kwake kulikuwa na kikopo cha buni za kutafuna, na kila mgeni aliyeingia alitiliwa mbili tatu kiganjani kabla hajaulizwa shida yake. Huyo mzee hakuwahi kupandisha sauti. Ukikosea, alikuwa anavua miwani, anaifuta kwa leso taratibu, na kabla hajaivaa tena umeshajua mwenyewe ulipokosea. Mimi nilikuwa naogopa ile leso kuliko fimbo.

Sasa ikaja barua kutoka makao makuu: kila ofisi ipeleke majina ya wananchi waliotumikia nchi kwa namna iliyotukuka, ili wachunguzwe, na watakaofaulu wapewe nishani mbele ya watu. Pamoja na barua zikaja fomu. Jina, umri, elimu, kazi, ndugu, halafu kisanduku kikubwa kilichoandikwa "Matendo ya mpendekezwa", na chini nafasi ya mashahidi. Mzee Kaijage akanikabidhi fomu nane. "Nenda kwa hawa watu," akaniambia, "zungumza, andika. Ijumaa saa nne asubuhi gari linaondoka na faili." Ilikuwa Jumatatu.

Mtu wa kwanza kumwendea alikuwa mfanyabiashara wa mjini. Nitamwita Bwana Masalu, ingawa si jina lake. Lo, huyo alijieleza. Alinikalisha sebuleni kwa saa mbili na nusu, akaleta soda na albamu ya picha. Alikuwa amejenga choo cha shule, na kweli alikuwa amekijenga, sitaki kumnyima haki yake. Lakini kilikuwa na picha kumi na nne, kwa mbele, kwa nyuma, yeye akiwa mlangoni, yeye na mwalimu mkuu wakiwa mlangoni. Kisanduku kilijaa nikaongeza karatasi tatu. Nikatoka pale nikisema moyoni, huyu ndiye mtu aliyeitumikia nchi, maana ana vielelezo.

Jumanne nikavuka ziwa kwenda Kamanga, ng'ambo ya mji. Ilikuwa zamu ya Bibi Kwandu.

Jina lake lilikuwa limeletwa na watu wa Kamanga wenyewe, kwa barua iliyokunjwa mara nne, imejaa alama za vidole gumba za wasiojua kuandika. Barua yenyewe ilikuwa mistari sita tu. Walisema huyu mama anakaa karibu na gati, ni mtu mwema, na nyumba yake imechorwa alama ya X nyekundu kwa sababu kuna ofisi iliyokuwa inapanga upya eneo lile. "Tunaomba Serikali imtambue kabla haijamvunjia," wakaandika. Ndiyo hesabu yao. Waliona kwamba nchi haiwezi kumvisha mtu nishani kwa mkono mmoja na kumbomolea kwa mkono mwingine. Hawakuwa na wakili wala mtu wa kumpigia simu, walikuwa na hiyo fomu tu.

Nilivuka na feri ya saa tatu, nimevaa viatu vipya vya kisigino. Kamanga siku hizo ilikuwa matope na maganda ya samaki, kwa hiyo nilifika kwa Bibi Kwandu nimeshachukia. Nyumba ilikuwa ya udongo, imeezekwa bati kuukuu, ile X imechorwa kubwa kama inataka kuonekana toka ng'ambo. Mwenyewe nilimkuta nyuma anasugua sufuria kwa majivu. Alikuwa mama wa Kisukuma aliyepita miaka sabini, mrefu, mkavu, mikono kama ya mwanamume.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umevuka salama? Kaa hapo, uji upo."

Nikapewa uji wa mtama na sahani ya michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, vimechemshwa na karanga. Nikala haraka, nikafungua faili. Nikamweleza kwamba nimetumwa na ofisi kuandika mambo aliyoifanyia nchi.

Akacheka mpaka akaweka sufuria chini. "Nchi? Mimi sijafanya kitu, mwanangu. Nimekaa tu hapa."

"Hata jambo moja, Bibi? Fikiria vizuri."

"Napika uji. Nani asiyepika uji?"

Nikamuuliza mara ya tatu, kwa Kisukuma changu cha sokoni, nikidhani labda Kiswahili ndicho kinachomsumbua. Akanijibu kwa Kiswahili kwamba ameshaniambia. Elimu? Hajaiona shule. Kazi? Yupo tu. Ndugu? Hana mume, hana mtoto. Kwenye benchi la mlangoni alikuwapo mzee mmoja amejifunika blanketi, anakohoa, na ukutani kulikuwa na mikeka imeviringishwa na kusimamishwa mmoja baada ya mwingine. Yote hayo niliyaona. Macho yangu yalikuwa mazima, tatizo halikuwa macho. Feri ikapiga honi, nikaogopa kuachwa na viatu vyangu pale kwenye matope, nikachukua kalamu. Katika kisanduku cha matendo nikaandika: Hakuna. Nikapiga mstari.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, lakini mnunuzi naye awe amefungua macho. Mimi siku ile nilikuwa nimemnunua Bwana Masalu na picha zake kumi na nne.

Jumatano jioni nikampelekea Mzee Kaijage fomu saba zilizopangwa vizuri, na ya nane nimeitenga pembeni. Akaipokea hiyo ya nane kwanza. Akasoma. Akavua miwani, akatoa leso.

"Ulifika nyumbani kwake?"

"Nilifika, Mzee."

"Alikupa nini?"

"Uji."

"Katika kikombe?"

"Ndiyo, Mzee. Cha bati."

"Alikitafuta hicho kikombe, au vilikuwapo vingi?"

Nikafikiri. Nikakiona tena kile kichanja cha nyuma ya nyumba, vikombe vimepinduliwa, jua linavipiga. "Vilikuwa vingi. Kama thelathini hivi."

Akaivaa miwani, akanitazama. Hakukasirika, na mimi ningependa zaidi angekasirika. "Mama anayeishi peke yake," akasema, "hana mume, hana mtoto, ana vikombe thelathini. Na wewe binti yangu umeandika hakuna."

Akanitilia buni kiganjani, kama mgeni vile, akaendelea kwa sauti ile ile ya chini. "Nani alikufundisha kumuuliza mtu mzima habari za wema wake? Huku kwetu, iwe Bukoba, iwe Usukuma, iwe Ukerewe, mtu aliyelelewa akiulizwa hivyo atasema hajafanya kitu. Hilo silo jibu, hiyo ni adabu yake. Ulitaka ajivue nguo mbele yako? Wema wa mtu uko kwa waliotendewa, na huko ndiko kunakoulizwa. Wewe umemuadhibu mwenye adabu na umempa zawadi asiyekuwa nayo."

Halafu akanirudishia fomu, akaniambia kesho nirudi Kamanga. Akanikumbusha kwamba Ijumaa ni saa nne na gari la serikali halimngoji mtu. Nililala usiku ule nimegeuza uso ukutani. Nilimkasirikia kwanza yeye, halafu nikamkasirikia Bibi Kwandu kwa kutosema, na karibu na alfajiri nikajikasirikia mwenyewe. Kuumbuliwa kunauma, mwanangu, lakini kunauma zaidi pale unapojua kwamba aliyekuumbua hakukosea hata neno.

Alhamisi nikavuka tena, safari hii nimevaa kandambili. Sikwenda kwa Bibi Kwandu. Nilikaa pale gatini, nikamsalimia mama aliyekuwa anauza dagaa wa kukaanga, nikamuuliza kama anamjua mwenye ile nyumba ya X.

"Namjua?" akasema. "Hawa wawili unaowaona wanacheza, yeye ndiye aliyewapokea." Akanieleza jinsi yeye mwenyewe alivyoletwa kwa baiskeli toka kijijini ndani huko, uchungu umeshika, ameandikiwa aende hospitali kubwa ya Mwanza, na alipofika Kamanga feri ya mwisho imeshaondoka, akajifungulia kwenye mkeka wa Bibi Kwandu. Siku hizo kivuko kilikuwa kinalala jua likizama. Kabla ya ile nyumba, mgonjwa aliyechelewa alikuwa analala juu ya mchanga, mvua inyeshe isinyeshe. Na huyo mama ndiye aliyeniambia jambo ambalo Bibi Kwandu hakunigusia. Bibi aliwahi kuwa na mtoto mmoja, binti aliyeitwa Nyamizi. Huyo binti aliugua, akaletwa pale gatini jioni, akafa alfajiri juu ya mchanga huo huo, feri inaonekana ng'ambo. Alizikwa palepale, na baada ya matanga Bibi Kwandu hakurudi kijijini kwake. Alijenga ile nyumba, akasuka mikeka, akaanza kukusanya vikombe.

Nikalikata lile neno Hakuna, na kuanzia hapo kalamu haikupumzika. Fundi wa feri, mtu mwenye mafuta meusi mpaka kwenye nyusi, alisema tangu aajiriwe hajaona mgonjwa amelala mchangani Kamanga. Muuguzi wa zahanati alisema kuna wagonjwa waliofika Mwanza wakiwa hai kwa sababu mtu aliwakalisha, akawafunika, akawapa maji kidogo kidogo mpaka asubuhi. Mwalimu alisema, mwendesha baiskeli alisema. Watu wakaanza kupanga mstari mbele yangu, kila mmoja anataka lake liandikwe. Kisanduku kikajaa nikageuza nyuma ya karatasi.

Mmoja wao sitamsahau. Alikuwa mzee amevua kofia yake ameishika kwa mikono miwili. "Mke wangu alifia kwake," akasema. "Mimi nilikuwa nimekwenda kutafuta mtumbwi wa kutuvusha. Niliporudi nikakuta ameshamwosha, amemfunika kanga yake mwenyewe, amekaa naye pale chini. Akaniambia, sikutaka awe peke yake mpaka urudi. Hakuwa anatujua, wala jina hakutuuliza. Andika hilo, binti." Niliandika, mwanangu, na chozi likaanguka kwenye karatasi ya serikali, likaacha doa. Sikulifuta.

Nilipoinua kichwa, feri ya mwisho ilikuwa katikati ya ziwa.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa mwili wangu, si kwa kichwa. Nimesimama gatini na faili kwapani, jua linatua, sina ndugu upande ule, na kesho saa nne gari linaondoka. Unadhani nilikwenda wapi? Nilikwenda pale wanapokwenda wote. Bibi Kwandu aliponiona hakuuliza kitu, alichomoa mkeka mmoja ukutani akanitandikia kati ya mama mwenye mtoto wa homa na yule mzee wa kikohozi.

Asubuhi kabla hakujapambazuka vizuri nikamkuta jikoni anakoroga uji. Nikachuchumaa karibu naye. Nikamwambia, "Bibi, Jumanne niliandika kwamba hakuna ulichofanya."

"Si ndivyo nilivyokuambia?"

"Ndivyo. Lakini niliona mikeka, niliona vikombe, na bado nikaandika. Naomba unisamehe."

Alikoroga kwanza. Halafu akasema, na hii ndiyo mara ya pekee niliyomsikia akisema kwa uchungu, "Nishani mimi sijui hata inafananaje. Lakini hii nyumba wakiivunja, mgonjwa wa kesho atalala wapi? Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Nimezeeka, siwezi kujenga nyingine. Kama karatasi yako inaweza kuwazuia, basi waandikie hao watu chochote wanachokisema. Mimi nitavumilia kusifiwa." Akanipa kikombe. "Kunywa upesi, feri ya kwanza haikai."

Feri ya kwanza siku hiyo ilichelewa kung'oa nanga, ikipakia lori la pamba lililogoma kuwaka. Nilisimama kwenye ukingo nikilisukuma ziwa kwa macho. Nilipanda ngazi za ofisi saa nne imepita, kandambili moja imekatika, nimeishika mkononi. Dereva yupo mlangoni na ufunguo, amenuna. Na ndani Mzee Kaijage amekaa juu ya kiti chake na faili magotini, anakunywa kahawa. Mzee aliyekuwa anamaliza kikombe kwa mafunda mawili, siku hiyo alikuwa kwenye kikombe cha tatu, na kila dereva alipochungulia alimwambia, "Kijana, mtu mzima haharakishwi akinywa."

Akapokea fomu. Aliisoma yote, mbele na nyuma, dereva anahema mlangoni. Alipofika kwenye lile doa akaligusa kwa kidole. Akatia sahihi, akaiweka juu ya zile nyingine saba, akafunga faili. Kisha akanitazama miguu, akaniambia niende nyumbani nikavae viatu.

Baada ya hapo ilikuwa kungoja, na kungoja huko kulinikondesha. Mvua za vuli zikaja zikapita. Watu wa ile ofisi ya kupanga eneo wakaleta tingatinga, wakaliegesha hatua chache toka kwa Bibi Kwandu, wakabomoa vibanda viwili vya jirani. Kila Jumamosi nilikuwa navuka kwenda kumsaidia kuosha vikombe, na kila nikishuka kwenye feri nilikuwa natafuta kwanza kile kibati kuukuu kama bado kipo. Watu wa Kamanga waliniuliza habari, nikawa sina. Mama wa dagaa akaacha kuniuliza, na hiyo iliniuma kuliko kuulizwa.

Kisha barua ikaja. Katika majina nane yaliyotoka ofisini kwetu lilikuwa limepita moja.

Sherehe ilifanyika uwanjani hapa Mwanza, bendi ya polisi, gwaride la jeshi, wakuu kwenye viti vyenye mito. Bibi Kwandu alivuka na feri ya asubuhi amevaa kitenge kipya alichochangiwa na watu wa Kamanga. Alipoitwa alitembea mwenyewe mpaka mbele, na msemaji akaanza kusoma wasifu. Ilikuwa yale maneno yangu, mwanangu, au nisiseme yangu, yalikuwa ya watu wa gatini. Mgeni rasmi akambandika nishani kifuani, akampa mkono. Na msemaji, kama alivyofanya kwa wote waliotangulia toka sehemu nyingine, akasema, "Ndugu na jamaa wa Bibi Kwandu wasimame tuwaone."

Kwenye ile fomu kulikuwa na nafasi ya ndugu, na pale nilikuwa nimeandika hana, na hilo sikulibadilisha kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Msemaji hakuangalia. Nikamwona yule mama amesimama peke yake katikati ya uwanja mkubwa vile, mikono imening'inia, nikatamani ardhi inimeze.

Yule mzee wa kofia ndiye aliyesimama kwanza. Akafuata mama wa dagaa, amewashika watoto wake wawili. Fundi wa feri akasimama. Kisha watu nisiowajua kabisa, mwanamke mwenye baibui upande wa pili wa uwanja, kijana mmoja wa jeshi katika gwaride lenyewe alipiga hatua moja mbele, mzee mwingine akainuliwa na wajukuu. Walikuwa wametoka Sengerema, Geita, hapa mjini, watu waliowahi kulala usiku mmoja kwenye ule mkeka, au waliozaliwa juu yake. Walisimama wengi mpaka waliobaki wamekaa wakaanza kuonekana. Mgeni rasmi akasimama naye. Bibi Kwandu akawatazama wote, akajifunika uso kwa kitenge, akalia kama mtu aliyefiwa na kupata mtoto siku moja. Nami nililia, wala sioni haya kusema.

Wiki iliyofuata alikuja mtu wa ile ofisi na ndoo ya chokaa na brashi, kuifuta X. Bibi akamzuia kwanza anywe uji ndipo aanze kazi. Tingatinga liliondoka siku hiyo hiyo. Bibi Kwandu aliishi miaka mingine mingi, akazikwa palepale Kamanga karibu na binti yake, na nyumba ipo hadi leo, sasa ni ya tofali, na mwenye kuitunza ni mmoja wa wale watoto wawili wa mama wa dagaa. Ukivuka utamkuta.

Sasa nisikilize kwa masikio yote mawili. Umepewa kalamu, na kalamu hiyo inaweza kumfuta mtu bila wewe kujua kwamba umemfuta. Usimwendee mzee ukamuuliza yeye ni mwema kiasi gani, maana aliyefunzwa vizuri na mama yake hatakujibu. Kaa naye, kula chake, tazama nyumba yake ina nini zaidi ya mahitaji yake. Kisha toka nje ukaulize majirani, ukaulize hata wasiompenda. Anayejieleza sana usimdharau, huenda naye kafanya; lakini usimwache ajaze karatasi zote. Usisahau pia kwamba mcheza kwao hutunzwa, na nchi isiyowatunza wake huwa inawaambia vijana kwamba wema haulipi, na vijana husikia. Tena ukikosea, kama nilivyokosea mimi, vuka urudi siku hiyo hiyo. Aibu ya kurudi huisha jioni. Aibu ya kutorudi ningekuwa nayo mpaka sasa.

Wale wazee uliotaka kuwatoa, mwanangu, wamo bado kwenye orodha? Basi kesho asubuhi anza na yule aliyekuambia maneno machache kuliko wote.

Nenda, na Mwenyezi Mungu aongoze mkono wako. Akupe macho ya kuona na subira ya kusikiliza. Akukutanishe na mkuu wa kazi atakayekukosoa bila kukuvunja. Na wewe mwenyewe, siku ukisimama mahali peke yako mbele za watu, akuinulie watu usiowahesabu, wasimame wote wakuite ndugu. Amina.